Karata ya Hamsini na Mbili

Fundi alihesabu karata zake kwa mara ya tatu asubuhi ile, na kwa mara ya tatu zikaja hamsini na moja. Alijua zitakuja hamsini na moja. Zilikuwa hamsini na moja jana, na mwaka juzi, na siku zote tangu alipozileta nyumbani akiwa bado mwanagenzi wa kujalidi vitabu. Lakini roho yake ilikuwa juu juu, na mikono iliyoshona migongo ya vitabu kwa miaka ishirini na miwili haikujua kukaa bure.

"Bado unahesabu?" sauti ikatoka nyuma ya pazia la sebuleni. "Hata mshahara wako huuhesabu hivyo."

"Mshahara ukihesabiwa mara ya pili huwa umeshaisha, mama."

Mama mkwe akacheka, kisha akakumbuka kwamba alikuwa amenuna, akajikohoza.

Ilikuwa siku ya kumi tangu atoke hospitali na nyonga iliyofungwa vyuma. Nyumba ilikuwa na vyumba viwili na sebule, na yeye akawekewa kitanda sebuleni, nyuma ya shuka la maua lililotundikwa kwenye kamba. Kila aliyeingia alipita ubavuni mwake. Juzi fundi bomba aliingia bila hodi akamkuta mama yuko kwenye beseni. Mama, mwanamke aliyelea watoto saba na kuwanyamazisha watu wazima kwa jicho tu, alijifunika shuka usoni na hakula mpaka kesho yake. Siku hiyo ndipo Fundi alipojisemea mwenyewe, pasipo kuambiwa na mtu, kwamba Jumamosi chumba cha pili kitakuwa kitupu.

Leo ndiyo Jumamosi, na chumba cha pili bado kilikuwa kimejaa kasino.

Hivyo ndivyo majirani walivyokiita. Mle ndani mlikuwa na gurudumu la ruleti la mti mwekundu, mashine ya kuchezea sarafu yenye mkono wa chuma na picha za matunda, kete za mifupa ndani ya kikombe cha ngozi, masanduku ya kugawia karata, vibao vya kuwekea dau, na pakiti za karata mia moja arobaini na tatu, kila moja kwenye boksi alilolitengeneza Fundi kwa mkono wake. Alivitoa kwenye minada ya hoteli zilizofilisika na vilabu vilivyofungwa. Kucheza kamari hajawahi. Hata bahati nasibu za harusini alikuwa hanunui tiketi, akisema anazipenda karata kama mtu apendavyo picha za watu ambao hangependa kuishi nao.

Mama mkwe alikuwa na msimamo wake. Walipomwambia mara ya kwanza kwamba wangembania kitanda humo humo kati ya makabati, aliwatazama mmoja mmoja.

"Nilale na gurudumu la shetani kichwani? Afadhali fundi bomba."

Basi mkusanyiko wote ulikuwa na njia mbili za kutoka. Saa sita angekuja mtu wa makumbusho, ambaye Fundi alikuwa ameandikiana naye barua miezi minne. Saa nane angekuja mnunuzi wa vyuma chakavu na mkokoteni wake.

"Chuma kwa kilo, mbao kwa kuni, karatasi anatuchukulia bure," alisema mume wa Fundi, akifunga vifungo vya shati. Kazi yake ilikuwa kusoma mita za maji nyumba kwa nyumba, na mtaani alijulikana kwa jina la Mita. "Usinitazame hivyo. Gurudumu lile nani alilipandisha ngazini? Ni huu mgongo. Lakini mama hawezi kukaa pale hata siku moja zaidi."

"Sijabisha."

"Najua hujabisha. Ungebisha ningejisikia nafuu."

Fundi akazifunga karata zake hamsini na moja kwa utepe. Vitu vingine alivipenda, lakini hizi ndizo zilizomwanzishia maradhi ya kukusanya. Akasimama dirishani kumsubiri mgeni.

*

Mgeni alikuwa mwembamba, mwenye mkoba wa ngozi, na kabla hata ya kusalimia alivaa glavu nyeupe za pamba. Palepale Fundi akambatiza moyoni jina la Bwana Glavu. Mgeni akapita ubavuni mwa pazia, akampa pole mama ambaye hamwoni, kisha akaunyakua mkono wa Mita na kuutikisa kwa nguvu.

"Hatimaye! Nimesoma barua zako zote, bwana. Nyingine nimezisoma mara mbili."

Mita alipaswa kumsahihisha hapo hapo. Alifungua mdomo, akautazama mkono wake ndani ya ile glavu nyeupe, akasema, "Karibu sana." Ukweli ni kwamba hakuna mtu aliyewahi kumfurahia Mita kiasi hicho mlangoni, kazi yake haikuwa ya kumletea furaha kama hizo.

Fundi naye hakumsahihisha mgeni. Aliona aibu, tena aibu ya kijinga, ya mtu aliyetia sahihi barua zake kwa herufi mbili tu za jina bila kufikiri kwamba mwingine angezijazia masharubu.

Wakaingia chumbani, na Bwana Glavu akawa mtoto. Alilizungusha gurudumu na kuinamisha sikio kulisikiliza. Alivuta mkono wa mashine, picha zikazunguka zikasimama kwenye ndimu mbili na kengele, akapiga kelele kana kwamba ameshinda.

"Mkono huu umeurudishaje, bwana? Nyingi nilizoziona hazivutiki."

"Eeh, tulibadilisha springi," alisema Mita.

"Springi ya saa ya ukutani," alisema Fundi.

"Ya saa!" Bwana Glavu akamgeukia Mita kwa heshima. "Na hiki kibanio chenye skrubu, cha kunyooshea karata?"

"Hicho... kinanyoosha karata."

"Cha miaka gani, kwa makadirio yako?"

Mita akatokwa na jasho. Akamtazama mkewe aliyekuwa ameegemea kizingiti, mikono nyuma kama mtumishi, na uso ukamshuka.

"Bwana, samahani," alisema. "Mimi nasoma mita za maji. Humu ndani sijui kitu hata kimoja zaidi ya uzito wake. Mwenye mali ndiye huyo uliyempita mlangoni. Barua ni zake."

Nyuma ya pazia kitanda kikalia, dalili kwamba mama amejiinua kwenye kiwiko ili asikie vizuri. Bwana Glavu akavua glavu ya kulia, akampa Fundi mkono mtupu.

"Nimefanya ujinga," alisema. "Naomba tuanze upya."

Wakaanza upya, na sasa ndipo nyumba ilipochangamka. Fundi alizungumza haraka, akiruka kutoka kabati hadi kabati: kete hizi zimejazwa risasi upande mmoja, zijaribu; sanduku hili la kugawia lina mlango wa siri wa mdanganyifu; pakiti hii wafalme wake wamepakwa rangi kwa mkono, tazama mmoja alivyokoseshwa jicho. Bwana Glavu alikuwa akiandika bila kutazama daftari. Mita alibeba maboksi, akasahau mkokoteni wa saa nane. Mwisho Fundi akaweka mezani ile pakiti ya utepe.

Bwana Glavu akavaa tena glavu yake. Alizitandaza moja baada ya nyingine, polepole. Pembe kali zisizoviringishwa. Hakuna namba pembeni. Wafalme hawakuwa na vichwa viwili kama wa siku hizi. Walisimama kwa miguu yao, na viatu vyao vinaonekana.

"Ziko ngapi?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Hamsini na moja."

"Usiniambie inayokosekana."

"Ree ya shupaza."

Alivua miwani, akafikicha macho. Fundi alijua kwa nini, lakini Mita hakujua, ikabidi aelezwe: zamani serikali zilitoza kodi kila pakiti ya karata, na muhuri wa kodi ulipigwa kwenye ree ya shupaza, ile karata ya moja yenye jani jeusi, pamoja na jina la mpiga chapa. Bila ree, karata zile zilikuwa karata kuukuu tu. Zikiwa nayo, zilikuwa na cheti chao cha kuzaliwa.

"Bodi imenipa ukumbi mzima kwa ajili ya michezo ya zamani," alisema Bwana Glavu. "Lakini wamenipa na sharti. Nikipata kitu kimoja cha umri huu chenye ushahidi, nachukua mkusanyiko wote, mzima, hata kete ya mwisho. Nisipopata, naruhusiwa vitu viwili. Nitachukua gurudumu na mashine. Hivi vingine..." Akatazama kuta. "Sina pa kuviweka. Naumia kukwambia."

"Kwa hiyo utaukata vipande," alisema Fundi.

"Nitaukata vipande."

Saa ya Mita ilionyesha saa saba na dakika ishirini.

Bwana Glavu alianza kuzirudisha karata kwenye pakiti. Ya juu ilikuwa mfalme wa kopa. Aliigeuza akaiweka kifudifudi, mgongo wake mweupe mtupu ukielekea juu, na mkono ukamganda. Akatoa tochi ndogo mkobani, akaimulika kwa upande.

"Hili doa ni la nini?"

"La unyevu," alisema Fundi. "Limekuwepo siku zote."

"Unyevu haujui kuchora."

Fundi akainama. Kwa mwanga ule wa ubavuni aliona kivuli cha kijivu, hafifu mno, chenye umbo la jani lililochongoka, na kulizunguka mistari midogo iliyojipinda. Alikuwa amelitazama doa lile miaka ishirini na miwili. Yeye, aliyefundisha wanagenzi wanne kuweka karatasi nyembamba kati ya kurasa ili wino usihamie ukurasa wa pili!

"Wino umehama," alisema, na sauti ikamtoka juu. "Ree ilikuwa juu yake! Imelala juu ya huyu mfalme miaka na miaka, uso chini!"

"Basi ilikuwepo pakiti ilipofungwa," alisema Bwana Glavu. "Ilikuja kwako?"

Hapo Fundi akakaa kitini. Aliiona karakana ya zamani, robota la karatasi taka lililonunuliwa kwa kilo kutoka klabu iliyofungwa, na ndani yake kifurushi kilichofungwa uzi, cheupe juu. Kadi nyeupe, ngumu, safi. Alidhani ni jalada la kufungia. Fundi mkuu alikuwa amemwambia atafute kitu kigumu cha kuzibia shimo la wadudu kwenye kitabu, naye akachomoa ile ya juu bila kuigeuza. Uzi ukalegea, akaigeuza ya pili, akakutana na mfalme amesimama na viatu vyake. Hakuthubutu kutumia nyingine. Zote zilizobaki alizibeba nyumbani kwenye mkoba.

"Uliiweka kwenye kitabu gani?" aliuliza Mita.

Fundi alikuwa ameshasimama. Kilikuwa kitabu cha kwanza alichokitengeneza peke yake, mwanzo mpaka mwisho, bila malipo. Kilikuwa zawadi kwa mama wa kijana aliyekuwa akimsindikiza kituoni kila jioni.

*

Mama mkwe alikuwa amekikumbatia kifuani, kama kawaida yake baada ya sala ya mchana. Kitabu kinene, jalada jeusi lililong'aa kwa kushikwa.

"Mama, naomba kitabu chako cha sala."

"Unataka kusali?"

"Hapana, mama. Nataka kukikata."

Fundi alimweleza yote kwa pumzi moja, amepiga magoti kando ya kitanda. Mama alisikiliza bila kupepesa macho.

"Yaani unaniambia," alisema taratibu, "miaka ishirini na miwili nimekuwa nikiongea na Mungu huku nimeshika karata ya kamari?"

"Nadhani ndivyo, mama."

"Unadhani au unajua?"

"Nadhani."

"Na kama haimo?"

Fundi angeweza kumpambia maneno. Mita, nyuma yake, alikuwa akiomba kimoyomoyo ampambie maneno.

"Kama haimo nitakuwa nimekuharibia kitabu bure."

"Hodi!" Mlango ukasukumwa kabla ya kuitikiwa. Mwenye mkokoteni alikuwa amewahi, mzani wake begani. "Nimeambiwa hapa kuna chuma."

Mama alikuwa amekigeuza kitabu, na kidole gumba chake kikapanda na kushuka juu ya jalada la nyuma, kwa ndani, mahali pale pale, kikijua njia.

"Hapa pana kitu," alisema. "Pameinuka kidogo. Kila asubuhi nikisali kidole changu hukaa hapa. Nilidhani ulikusudia, ili mtu apate pa kushika." Akamtazama mkaza mwanawe. "Nikasema moyoni, huyu binti ana mikono yenye akili, mwache aolewe na mwanangu."

Akaweka kitabu juu ya mapaja yake.

"Kata. Lakini hapa hapa, nikiona. Na hilo pazia ling'oeni, mtu hakati kitu gizani."

Mita akalivuta shuka la maua, kamba ikakatika, mwanga wa dirisha ukamwangukia mama aliyekaa wima kitandani kama mwenyekiti wa kikao. Mwenye mkokoteni akaweka mzani wake chini na kusogea. Bwana Glavu alishikishwa birika la maji ya moto.

Fundi hakukata. Alilowesha kitambaa kwa maji ya uvuguvugu, akakilaza juu ya karatasi ya ndani ya jalada, akasubiri. Fundi mkuu wake alikuwa bahili wa kila kitu, na alikataza gundi ya dukani. Alitumia gundi ya unga, tena pembeni tu, kwa vile unga nao hununuliwa. Fundi alimwombea mzee yule mema kwa ubahili wake. Zilipita dakika tano. Zikapita kumi. Akajaribu pembe kwa kijiti chake cha mfupa, ikakataa. Akaongeza mvuke.

"Nyama ingekuwa imeiva," alisema mwenye mkokoteni.

"Kaa kimya wewe," alisema mama. "Gundi haitishwi."

Pembe ikaachia. Fundi akaingiza kijiti chini ya karatasi, akakitelezesha kwa upole, jasho likimdondoka kidevuni, na karatasi ikainuka nzima bila kupasuka. Chini yake, ndani ya shimo lililoliwa na wadudu, palikuwa na kadi nyeupe.

"Tupu," alisema mama, na sauti yake ilikuwa na huzuni ambayo mwenyewe hakuitegemea.

"Huo ni mgongo, mama."

Akaing'oa upande mmoja, kisha wa pili. Akaigeuza.

Shupaza moja, nyeusi, kubwa, katikati ya shada la majani yaliyochorwa kwa mistari myembamba mno. Jina la mpiga chapa lilipinda juu yake. Chini, muhuri wa kodi, kila herufi inasomeka. Michirizi miwili ya kahawia ya gundi ya unga pembeni, basi.

Bwana Glavu alipiga ukelele wa juu kabisa akamkumbatia Mita, safari hii kwa makusudi. Mita akamnyanyua. Fundi alicheka na kulia kwa pamoja, akiwa bado amepiga magoti, karata mkononi, na mama akamshika kichwa kwa mikono miwili akakitikisa.

"Hiyo ndiyo yenye thamani?" aliuliza mwenye mkokoteni, amechungulia. "Mbona ina alama moja tu?"

*

Bwana Glavu aliandika hati palepale juu ya kitanda cha mama, maana meza zote zilikuwa zimejaa. Mkusanyiko wote, mzima. Malipo aliyoyataja yalimfanya Mita aombe yarudiwe. Alipofika kwenye mstari wa kibao kitakachotundikwa ukumbini, kalamu ikasita, ikayumba kati ya mume na mke.

"Niandike familia ya..."

"Ngoja kwanza," alisema mama mkwe. "Hiyo karata imetoka kwenye kitabu changu, kwa hiyo nami nina sauti. Andika jina la huyu. Lote. Usiandike mke wa fulani, wala mkwe wa fulani."

Fundi akalitaja jina lake lote, ambalo halikuwa limetamkwa kwa ukamilifu tangu siku ya ndoa. Bwana Glavu akaliandika, akalisoma kwa sauti, akauliza kama herufi ziko sawa. Zilikuwa sawa. Fundi aliitikia kwa kichwa.

Mwenye mkokoteni hakurudi mkono mtupu; alilipwa kushusha vitu ngazini hadi kwenye gari la makumbusho. Fundi alisimama barabarani mpaka gari lilipokata kona, akaumia, akapanda juu akafagia. Kabla jua halijazama, kitanda cha mama kilikuwa chini ya dirisha la chumba cha pili, chenye mlango wa komeo. Mama aliufunga na kuufungua mara kadhaa kwa fimbo yake, ili tu kusikia ukifunga.

Fundi akaja na bakuli la gundi na kipande cha kadibodi.

"Hicho nini?"

"Cha kuzibia lile shimo, mama. Kipya, safi."

Mama akalipapasa shimo kwa kidole gumba. Kidole kilizama.

"Hukubakiza karata hata moja?"

"Iko pakiti ya dukani tu. Haina thamani."

"Kailete."

Alizipekua mwenyewe, miwani puani, akizitazama nyuso zake kama mtu anayechagua mgeni wa kumkaribisha. Ghulamu alimtupa mbali. Wanaume, alisema, ameishi nao vya kutosha. Mwisho akamtoa malkia wa kopa.

"Huyu. Na usimfiche uso. Mgeuze huku kwangu, nijue niliyemshika."

Fundi akachovya brashi, akapaka gundi pembeni tu.